Dakika Mia na Themanini: Kujiandaa kwa Mtihani wa CPA Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mhadhara uliotolewa Temeke mbele ya wanafunzi wa uhasibu, wazazi na walimu

   

 Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja bila hata kupitia nyumbani, wengine mmepanda magari mawili kutoka Tegeta, na wapo walioacha duka mikononi mwa wadogo zao. Basi nitajitahidi jioni hii isiwe hasara kwenu.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwaonyesha kwamba mtihani wa CPA, yaani wa mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, unapima uwezo wa kuandika uamuzi unaoweza kutetewa, tena ndani ya muda. Mtu aliyesoma sana lakini hajaandika, hajajiandaa. Nitaleta hoja sita, na mwisho nitakuwa na maombi kwa makundi matatu.

Kabla ya hoja, niondoe unyonge mmoja. Nimewasikia wanafunzi wa Mbagala, Chamazi na Yombo wakisema CPA ni ya watu wanaokaa karibu na mjini. Tazameni basi ramani ya mji wetu. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, iko hapa hapa Kurasini, kando ya Barabara ya Kilwa. Kondakta akiita "Uhasibu", hakuna abiria anayeuliza ni wapi. Ukienda upande wa pili, mwisho kabisa wa Kinondoni, ukapita Tegeta na Boko, utafika Bunju, ambako Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, imejenga kituo chake cha taaluma. Taaluma hii ina nyumba huku huku kwetu.

Hoja ya kwanza: jua mtihani huu ulizaliwa kwa haja gani

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki na kuchukua viwanda na makampuni kadhaa. Mashirika ya umma yakaongezeka haraka kuliko watu wa kuyatunzia hesabu. Shirika likiwa mali ya umma, lazima awepo mtu wa kuuambia umma kama fedha zake zipo au hazipo, na mtu huyo lazima aaminike. Ndipo ikatungwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, na Bodi ikaanza kazi 1973, ikiwa na jukumu la kutahini, kusajili na kusimamia wahasibu na wakaguzi. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameanzisha chombo chao cha mitihani, KASNEB, mwaka 1969. Kwa Uganda, sheria ya taasisi yao ya wahasibu ilikuja 1992.

Kwa nini nawapa historia wakati mmekuja kutafuta mbinu za kufaulu? Kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali mnaloniuliza kila mara: "Mwalimu, watahini wanataka nini?" Wanataka kujua kama sahihi yako inaweza kuwekwa chini ya hesabu za watu wengine. Kila mwaka, kabla Machi haijaisha, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anamkabidhi Rais ripoti, na Aprili inafika Bungeni. Siku hizo hata vijiweni watu wanabishana juu ya halmashauri iliyopata hati safi na iliyopata hati yenye mashaka. Mwananchi anayebishana pale hajawahi kuona vocha hata moja ya halmashauri hiyo. Anategemea uamuzi wa mtu aliyeziona.

Kwa hiyo ukikaa na swali la ukaguzi, usijiulize tu "kitabu kinasemaje". Jiulize: ningekuwa mimi ninayetia sahihi, ningeandika nini, na nikiulizwa sababu ningejibu nini?

Hoja ya pili: dakika zina bei

Mtihani mmoja una muda wa saa tatu na alama 100. Dakika 180 ukizigawa kwa alama 100, kila alama moja inapata dakika moja na sekunde 48. Swali la alama 20 lina dakika 36. Swali la alama 8 lina dakika 14 na kidogo. Hesabu hii kila mtu humu anaiweza, lakini chumbani mwa mtihani ni wachache wanaoitii.

Kinachotokea ni hiki. Mtahiniwa anakutana na swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Amelipigia msuli, analipenda. Anaandika dakika 36, mizania haijalingana. Anatafuta kosa. Dakika 50, bado. Dakika 65, imelingana, anatabasamu. Pengine amepata alama mbili zaidi kwa dakika zile 29 za ziada. Dakika hizo hizo zingempa karibu swali zima la mwisho, ambalo sasa hataligusa.

Alama tano za mwanzo wa swali lolote ni rahisi kuliko alama tano za mwisho wake. Mwanzoni unaombwa kueleza kanuni, kutambua tatizo, kuonyesha hesabu za kwanza. Mwishoni unatafuta vijisehemu. Basi muda wa swali ukiisha, acha nafasi, hamia jingine, utarudi ukipata salio. Na hesabu zako za pembeni ziandike kwa unadhifu, kwa sababu msahihishaji akiona njia yako ni sahihi anaweza kukupa alama hata kama jibu la mwisho limekosewa. Hawezi kukupa alama kwa jambo lililobaki kichwani.

Nidhamu hii haiji siku ya mtihani. Hapo jirani uko Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mmeujaza mara nyingi, Simba na Yanga zikicheza, na kila mmoja wenu anajua kocha alipaswa kumwingiza nani. Lakini hakuna aliyewahi kusajiliwa na klabu kwa sababu ya kutazama mechi nyingi. Kusoma majibu yaliyokwisha kuandikwa ni kutazama mechi. Chukua mtihani uliopita, funga majibu, weka saa mezani, andika. Dakika 36 zikitimia weka kalamu chini hata kama sentensi haijaisha. Kisha jisahihishe kwa ukali, ukiyasoma na maoni ya watahini, maana humo wanaeleza waziwazi makosa yanayojirudia.

Hoja ya tatu: kanuni ni mwanzo wa jibu

Niwape mfano wa hapa Tandika. Mfanyabiashara ana jozi 400 za viatu alizonunua kwa shilingi 12,000 kila jozi. Kwenye vitabu vyake zimesimama kwa shilingi 4,800,000. Mwaka wa hesabu unafungwa, mtindo umepita, na sasa jozi moja inauzika kwa shilingi 11,000. Tena ili ziuzike, lazima alipe shilingi 1,500 kwa kila jozi, kwa maboksi mapya na usafiri wa kumfikishia mteja. Shauri namna ya kuzionyesha kwenye hesabu.

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Bidhaa huonyeshwa kwa gharama au kwa thamani halisi ya kuuzika, ile iliyo ndogo." Ni kweli, ndivyo kisemavyo kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2. Amepata alama moja, akavuka kwenda swali jingine akidhani amemaliza.

Wa pili anakumbuka kulinganisha 12,000 na 11,000. Anapunguza shilingi 1,000 kila jozi, anaandika hasara ya shilingi 400,000. Amesahau gharama za kuuzia.

Wa tatu anatoa 1,500 kwenye 11,000, anapata 9,500. Mara 400, ni shilingi 3,800,000. Hasara ni shilingi 1,000,000, na inaingia kwenye matokeo ya mwaka huu, haisubiri siku viatu vitakapouzwa. Kisha anaongeza sentensi ambayo wale wawili hawakuifikiria: kwamba mkaguzi atataka ushahidi wa ile bei ya 11,000, kwa mfano risiti za mauzo yaliyofanyika baada ya mwaka kufungwa.

Wote watatu waliijua kanuni, kwa maneno yale yale. Huyu wa tatu ndiye aliyeifanyisha kazi. Na mazoezi ya namna hii mnayo bure. Daladala inayowaleta mjini ina uchakavu. Mashine ya kusaga sembe ya jirani ina matengenezo, na lazima uamue kama hayo ni gharama ya mwaka au ni nyongeza ya thamani ya mashine. Kikundi cha akiba na mikopo cha mama yako, VICOBA, kina mikopo, na baadhi yake hailipiki. Kaa na mwenye mali, muulize, andika ukurasa mmoja. Mtu wa Mbagala ana mifano mingi zaidi mlangoni kwake kuliko aliyejifungia na kitabu.

Hoja ya nne: madesa yana umri

Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Pale steshenari karibu na vyuo, madesa, yaani maelezo ya masomo yanayopitishwa mkono kwa mkono, yanauzwa yakiwa yametolewa nakala ya nakala, hata jina la aliyeyaandika halisomeki. Sina ugomvi na wauzaji. Ninachouliza ni moja: desa hili ni la mwaka gani?

Somo la kodi linabadilika kila mwaka, kwa sababu Sheria ya Fedha inapitishwa pamoja na bajeti, na mabadiliko mengi yanaanza tarehe 1 Julai. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilikuwa asilimia 20 hadi iliposhushwa kuwa asilimia 18 mwaka 2009, na sheria yenyewe ikaandikwa upya mwaka 2014 na kuanza kutumika Julai 2015. Na mkumbuke Zanzibar ina sheria yake ya kodi hiyo. Anayetumia desa la kodi la kaka yake aliyemaliza zamani anaweza kukokotoa bila kosa hata moja na bado akakosa.

Viwango vya uhasibu navyo havikai. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa, IFRS, tarehe 1 Julai 2004. Toka hapo vimekuwa vikibadilika. Chukua upangaji. Kampuni iliyopanga jengo kwa miaka mitano ilikuwa, chini ya IAS 17, ikiandika kodi ya pango kama matumizi ya mwaka basi. Kuanzia Januari 2019, chini ya IFRS 16, haki ya kulitumia jengo inaingia kwenye mizania kama mali, na malipo yaliyobaki yanaingia kama deni. Mizania ya kampuni ile ile, kwenye jengo lile lile, imebadilika sura. Na wanaoanza safari leo wajue kwamba IFRS 18 itachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha uwasilishaji wa hesabu, kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 2027.

Ushauri wangu ni mwepesi. Juu ya kila desa andika mwaka wake. Lisilo na mwaka, litumie kujifunza namna ya kupanga jibu, usilitumie kwa viwango wala kwa asilimia. Na kabla ya kulipia mtihani, angalia mtaala wa Bodi na tangazo lake kuhusu sheria zitakazotahiniwa.

Hoja ya tano: elewa kwa Kiswahili, andika kwa lugha ya mtihani

Tuseme ukweli bila kuoneana haya. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na sisi tumeanza shule kwa Kiswahili, tunabishana kwa Kiswahili, tunaota kwa Kiswahili. Wengi mnakariri kwa sababu sentensi ya kitabu hamjaimiliki, mnaogopa kuibadilisha hata neno moja. Mtahini akigeuza swali kidogo, mnabaki na sentensi isiyo na pa kwenda.

Katika kikundi chenu cha diskasheni fanyeni hivi. Mmoja aeleze mada kwa Kiswahili mpaka mtu asiye mhasibu aelewe. Akishindwa, tatizo si lugha, hajaielewa mada. Akifaulu, kila mmoja aandike maelezo hayo kwa Kiingereza, aya moja fupi, bila kufungua kitabu. Kisha mbadilishane karatasi, msahihishane. Sentensi fupi zinatosha. Mtahini hatafuti ufasaha wa mwandishi wa riwaya, anatafuta hoja anayoweza kuitilia alama.

Na someni kitenzi cha swali. Ukiambiwa ueleze, unaeleza. Ukiambiwa ujadili, lazima pande mbili ziwepo. Ukiambiwa ushauri, jibu lisilomwambia mkurugenzi afanye nini halijajibu, hata likijaa kurasa tatu.

Namwona mama mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Mama, vumilia kidogo, zamu yako ndiyo inakuja.

Hoja ya sita: ratiba iwe ya mtu anayeishi huku

Mitihani hufanyika Mei na Novemba, na kila msimu unahitaji ratiba. Lakini vitabu vya mbinu vya kutoka nje vinadhani kila mwanafunzi ana chumba chake, meza yake na umeme usiokatika. Mwanafunzi ninayemfahamu mimi anaamka saa kumi na moja alfajiri, anasimama ndani ya daladala kutoka Rangi Tatu, anafanya kazi ya mhasibu msaidizi hadi jioni, anarudi na foleni. Nyumbani ni vyumba viwili, na sebuleni kuna televisheni.

Kwa mtu huyu, jambo la kwanza ni idadi ya masomo. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida anaanzia hatua ya kati, na huko anakuta masomo mazito kwa pamoja. Usilipie masomo mengi kwa sababu rafiki yako amelipia mengi. Hesabu kwanza saa ulizo nazo kwa wiki, saa za kweli, ndipo uchague.

La pili, kila muda upewe kazi inayoufaa. Ndani ya daladala huwezi kuandika mizania, lakini unaweza kusoma swali kwenye simu na kujiuliza: hili linagusa kiwango gani, na ningeanzia wapi? Usiku wenye kelele unafaa kusahihisha. Alfajiri au Jumapili mchana, penye utulivu, ndipo pa kuandika mtihani mzima wa saa tatu. Na wiki nne za mwisho zisiwe za mada mpya. Ziwe za kuandika mitihani mizima tu.

Mama, sasa ni wewe. Kijana wako haombi fedha peke yake. Anaomba meza kwa saa mbili. Na kama ni binti, ambaye amefanya kazi mchana kutwa na jioni anategemewa apike, afue na awaogeshe wadogo zake, basi tunampa mtihani wa pili juu ya ule wa Bodi, na huu wa kwetu hauna cheti. Katika miezi miwili kabla ya mtihani, kaka zake washike mwiko.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niseme neno moja kuhusu maadili, kisha nihitimishe. Kila msimu hujitokeza mtu anayedai ana mtihani uliovuja, na anauza. Mara nyingi ni utapeli, na aliyetapeliwa hawezi hata kwenda kushtaki. Lakini hata kama usingekuwa utapeli, taaluma hii imejengwa juu ya misingi mitano: uadilifu, kutopendelea upande, umahiri wenye uangalifu, kutunza siri, na mwenendo unaostahili. Aliyenunua mtihani amevunja wa kwanza kabla hajasajiliwa.

Sasa tutazame mbele. Mfumo wa kodi unazidi kuwa wa kielektroniki, na programu za kompyuta zinapanga miamala kwa kasi ambayo hakuna karani atakayeifikia. Kazi itakayobaki kwa mhasibu ni ile niliyoisema tangu mwanzo: kuamua, na kutetea uamuzi kwa maandishi. Anayejiandaa hivyo leo anajiandaa kwa mtihani na kwa kazi kwa wakati mmoja.

Maombi yangu ni matatu. Kwa waajiri: mpeni mtahiniwa wenu likizo ya wiki ya mwisho, maana akifaulu, hesabu zitakazonufaika ni zenu. Kwa viongozi wa kata: madarasa ya shule zetu za msingi yanakaa tupu kila jioni. Yafungueni, wekeni taa na mlinzi, na vijana wa Mbagala, Tandale na Bunju watakuwa na pa kuandikia. Kwa ninyi wanafunzi: usiku wa leo, kabla ya kulala, chagueni swali moja la alama 20, wekeni saa, na mwandike kwa dakika 36.